Mzee wa Spana Anajibu: Aqua au IST? Nitajie kwanza kilomita zako

Kila EWURA wakitoa bei mpya ya mafuta, ile Jumatano ya kwanza ya mwezi, simu yangu inajaa meseji za haibridi, yale magari ya petroli na umeme kwa pamoja kama Toyota Aqua. Sisi wa Kigoma tuko mwisho wa barabara na mwisho wa reli, lita ikifika huku imeshalipiwa nauli, kwahiyo nawaelewa. Nimechagua meseji chache, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake wako watu wengi.

Shikamoo Mzee wa Spana. Mimi ni mwalimu, naishi Mwandiga, nina watoto wawili. Mimi na mume wangu tumedunduliza miaka mitatu, mimi SACCOS yeye kwenye biashara yake, sasa tunataka gari letu la kwanza. Kijana wa yadi Dar kanipa bei mbili, IST milioni 13 na Toyota Aqua ya 2013 milioni 16, zote na usajili. Anasema Aqua inakwenda kilomita 35 kwa lita moja, yani nikijaza tenki nasahau. Mume wangu anasema haibridi ni ugonjwa wa moyo, betri ikifa gari linageuka banda la kuku. Fundi mmoja Gungu kaniambia betri ya Aqua mpaka ifungwe niandae kama milioni 3 na nusu. Mizunguko yangu ni kushusha watoto shule mjini, kazini na kurudi, kama kilomita 30 kwa siku, na mara moja kwa mwezi tunaenda Kasulu kwa mama. Nichukue ipi? Mwalimu, Mwandiga.

Marahaba mwanangu. Umeniandikia vizuri kwa sababu umenitajia kilomita, wengi wananiuliza "mzee haibridi nzuri?" kama vile mtu anauliza viatu vizuri ni namba ngapi.

Tuanze na hiyo 35. Kijana hajakudanganya, ila amekusomea karatasi ya Japani. Aqua ilipotoka mwishoni mwa 2011 kipimo chao cha JC08 kiliipa kilomita 35.4 kwa lita, lakini kile ni kipimo cha maabara, tairi zinazunguka juu ya mashine, hakuna AC, hakuna mlima wa kupanda Mwanga, hakuna watoto wawili na mabegi na kidumu cha mawese cha bibi nyuma. Aqua ninazoziona hapa kwetu zikiendeshwa kistaarabu zinapata 20, siku nzuri 22 au 23, na ikiendeshwa na mtu wa kukanyaga inashuka mpaka 17. IST ya 1300 hapa mjini weka 13. Hizo ndo namba za kupigia hesabu.

Kilomita 30 mara siku 22 za kazi ni 660. Kasulu kwenda na kurudi weka 200. Kanisani au msikitini, misiba, sokoni, weka 140. Jumla kilomita 1,000 kwa mwezi, hesabu imekuwa rahisi kama vile tulipanga. IST itakunywa lita 77, Aqua lita 50. Umeokoa lita 27. Petroli tuifanye 3,000 ili tusihangaike na senti, wewe utaweka bei ya kituo chako. Umeokoa 81,000 kwa mwezi.

Sasa Aqua imekuzidishia milioni 3 kwenye kununua. Milioni 3 gawanya kwa 81,000 ni miezi 37. Yani miaka mitatu na mwezi mmoja unaendesha Aqua, unabana mafuta, unajisifu mbele ya walimu wenzio, na bado hujapata hata shilingi, ndo kwanza unarudisha tofauti ya bei. Halafu betri. Ikidai hiyo milioni 3 na nusu ni miezi mingine 43. Jumla miezi 80, miaka sita na miezi minane. Gari la 2013 hilo, litakuwa na umri gani hapo piga mwenyewe.

Sijasema usinunue, subiri.

Kwanza uelewe kwanini inabana mafuta, maana ukielewa utajua kama inakufaa. Haibridi ya Toyota ina injini ya petroli na mota za umeme mbili zimeunganishwa kwenye gia boksi moja. Ukisimama injini inazima. Ukiondoka polepole mota ya umeme ndo inakusukuma, injini inakuja baadae. Ukikanyaga breki, badala ya nguvu yote kuishia kwenye pedi kama joto, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Kwahiyo hela iko kwenye kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka. Ndo maana mtu wa Dar anayekaa saa nzima foleni ya Mbagala anaisifia haibridi mpaka anatoka machozi, na hamdanganyi mtu. Sasa niambie wewe Mwandiga mpaka mjini unakutana na foleni gani, labda ng'ombe. Lami ipo, unatembea 60 au 70 mfululizo, na kwenye mwendo mfululizo injini inafanya kazi karibu muda wote kama gari lingine, tofauti inapungua. Safari ya Kasulu ndo kabisa, zile kilomita 200 usitegemee kubana kama mjini.

Watu wananiambia "mzee lakini Kigoma ina vilima, si tunachaji tukishuka?" Ni kweli unachaji, ila betri ya Aqua ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Uwezo wake wote haufiki yuniti moja ya LUKU! Ile yuniti moja ambayo nyumbani inaisha kwa pasi na jiko la umeme kabla chai haijapoa. Ukishuka kutoka Kalinzi kuja Mwandiga betri inajaa mapema tu, mteremko uliobaki wote hauna pa kuwekwa, na hapo gari lenyewe linaanza kuzungusha injini kwa kelele ili kujizuia, watu wanaogopa wanadhani imeharibika. Haijaharibika. Kwenye mteremko mrefu kama ule weka gia kwenye B, ndo kazi yake, usiendeshe kwa B siku nzima maana utapoteza mafuta. Na kupanda ni hivyo hivyo, betri ikiisha katikati ya mlima unabaki na injini ya farasi 74 peke yake na watu watano ndani, utapanda ila utaimba nyimbo zote.

Halafu chini. Aqua ya kawaida imeinuka sentimita 14 tu kutoka barabarani. Kwa lami haina neno. Ukiingia kijijini kwa mama wakati wa masika, mifereji ile ya katikati ya barabara itakutoa bampa na kava za chini, nimeshona mabampa ya Aqua kwa waya mpaka nimechoka.

Sasa betri, maana hapa ndo mume wako ana hoja japo kaisema kwa dharau. Ngoja nikusimulie yangu. Mimi nilikuwa na Toyota Prius, haibridi nyingine, ile toleo namba 20, nilinunua mkononi mwa mtu Dar, nikaja nayo mwenyewe kupitia Tabora, raha tupu, nikafika na mafuta mpaka nikawapigia watu simu. Mwezi wa tano, natoka Uvinza jioni, pembetatu nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, gari likakosa nguvu, nikasogea nalo mpaka pembeni. Nilivutwa na lori la chumvi. Mashine ya kupimia ikatoa P0A80, namba ya hitilafu ambayo kila mwenye haibridi ataijua siku moja, ni kwamba kompyuta inasema betri kubwa imechoka. Fundi mmoja, simtaji, akaniambia usitupe hela, tunabadilisha vipande vilivyokufa tu. Betri ya Prius ile ni vipande 28 vimeungwa kwa msururu, ya Aqua ni 20. Akatoa viwili vibovu akaweka viwili vizima, laki chache, nikafurahi. Miezi mitatu taa ikarudi, vingine viwili. Tukabadilisha. Baada ya wiki saba tena. Mimi nilianza kazi karakana ya reli, nilitakiwa nijue, treni haiendi kwa mwendo wa behewa jipya, inaenda kwa mwendo wa behewa bovu kuliko yote. Ukichomeka kipande kipya katikati ya vikuukuu, kile kipya kinajaa na kushuka tofauti na wenzake, kinawatesa nao wanakitesa. Nililipa mara tatu kabla ya kununua betri nzima, ambayo ningenunua siku ya kwanza ningebaki na hela ya bati.

Kwahiyo mtu akikwambia "betri inatengenezeka laki tano tu" mwambie sawa, na baada ya hapo?

Ila na upande wa pili niuseme, nisije nikaonekana nimetumwa na wauza IST. Gia boksi ya haibridi ya Toyota ni ngumu mno, haina mkanda wala klachi ya kusagika, ni gia tu zinazunguka. Haina stata ya kufa. Haina alteneta ya kufa. Kompresa ya AC ni ya umeme, haina mkanda, na inapoza hata injini ikiwa imezima. Pedi za breki zinakaa muda mrefu kwa sababu mota ndo inafanya sehemu kubwa ya kazi. Na IST unayoifikiria, ile old model, ilitengenezwa 2002 mpaka 2007, ni gari la karibu miaka 20, itakuja na bushi zake, na mauntini zake, na shokapu zake. Aqua ni mdogo wake kwa miaka mingi. Hesabu yangu ya juu haikuhesabu hayo na ni haki uyahesabu.

Na kuhusu umri, uliza kijana wa yadi hiyo milioni 16 ina ushuru wote au bado. Gari dogo likizidi miaka kumi toka kutengenezwa TRA wanaongeza ushuru wa uchakavu, asilimia 30, juu ya ule wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya 18, na zote zinapigwa juu ya thamani waliyonayo wao kwenye mfumo wao sio risiti ya mnada uliyoshika. Bajeti inasomwa kila Juni na viwango vinaweza kugeuka, kwahiyo ingia kwenye kikokotoo chao mwenyewe kabla hujatuma hela.

Sasa ningekuwa mimi? Kwa kilomita 1,000 kwa mwezi, hesabu ya mafuta peke yake haikupi sababu ya kununua Aqua, nakwambia waziwazi. Kama unaitaka kwa utulivu wake, kwa umri wake mdogo, kwa sababu unaipenda, hiyo ni sababu pia, gari sio jembe, chukua. Lakini ile 81,000 ya kila mwezi sio yako. Iache SACCOS, usiiguse kwa ada wala kwa kitenge cha harusi. Hiyo ni ya betri, wewe umeshikishwa tu.

Na ukienda kuikagua usiende mchana ikiwa imeshawashwa na kupashwa. Nenda asubuhi, mwambie asiiwashe mpaka ufike. Bonyeza pawa, subiri neno READY liwake kwenye dashibodi. Weka kwenye skrini inayoonyesha betri. Washa AC mwisho, taa zote, kaa nayo dakika ishirini umesimama, angalia vile vibao vya betri. Betri nzima inashuka taratibu, injini inawaka, inapanda taratibu, injini inazima. Betri iliyochoka inajaa haraka kama chupa ndogo na kushuka haraka, injini inawaka na kuzima kila baada ya dakika moja mbili. Ukimpata kijana mwenye kile kifaa kidogo cha bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani na programu ya Dr. Prius kwenye simu, kitakuonyesha volti za kila fungu la betri, na fungu moja likiwa linaachana na wenzake ukikanyaga mafuta, rudisha funguo na uage vizuri. Muuzaji akikataa upime, umeshapata jibu bila kupima.

Mzee shikamoo, mimi dereva teksi, nakaa stesheni na ndege zikitua naenda uwanja wa ndege. Nina IST, natembea kama kilomita 120 kwa siku, siku 26. Wenzangu wananicheka nikisema haibridi. Niache? Kijana wa Stesheni.

Marahaba. Wewe ndo mtu wa haibridi, wacheke tu.

Tumia namba zilezile za mwalimu. Wewe unatembea kilomita 3,120 kwa mwezi. IST yako inakunywa lita 240, Aqua ingekunywa 156. Tofauti lita 84, yani 252,000 kila mwezi. Tofauti ya bei ya milioni 3 unairudisha ndani ya mwaka. Betri ya milioni 3 na nusu, mwaka na miezi miwili. Baada ya miaka miwili na kitu umelipa vyote viwili na unaanza kula. Gari lilelile, betri ileile, mwalimu anangoja miaka sita na miezi minane na wewe unangoja miwili na kitu. Na wewe ndo mwenye kusimama na kuondoka, abiria kashuka Buzebazeba, mwingine kapanda, umesubiri treni saa nzima AC inapoza injini imelala.

Ila mambo matatu. Ukisubiri abiria usiweke N, weka P. Kwenye N haibridi haichaji, betri inaendelea kuliwa na AC mpaka ikauke, na dereva wa teksi aliyezoea gari la kawaida anaweka N bila kufikiri. La pili, mwenzako akizimikiwa akaomba umbustie kutoka kwenye gari lako, mkatalie kwa upole, ile betri ndogo ya volti 12 kwenye haibridi kazi yake ni kuamsha kompyuta tu sio kuzungusha stata, na unaweza kuunguza fyuzi na kitu cha kugeuza umeme ambacho bei yake itakufanya umchukie mwenzako maisha. Kwa hiyo hiyo, betri ndogo ikifa gari zima halisomi READY hata kama betri kubwa imejaa, watu wengi wameambiwa "betri ya haibridi imekufa mzee" kumbe ni ile ndogo ya bei ya kawaida, pima hiyo kwanza kabla hujalia. La tatu, zile nyaya za rangi ya machungwa. Usiruhusu mtu azikate, azikwangue wala azishike. Kwenye Aqua inveta, kile kitu cha kugeuza umeme, inapandisha umeme mpaka volti 500 na ushee, hiyo sio shoti ya kuruka na kucheka.

Na fundi mtafute kabla ya gari. Spea kubwa inatoka Dar, zaidi ya kilomita elfu moja, inakuja kwa basi, na siku unazosubiri basi ni siku hulazi hesabu nyumbani. Weka na hizo.

Naandika kutoka Isevya, Tabora. Prius yangu nyuma kuna feni inalia kama pangaboi bovu, hasa mchana. Fundi anasema betri. Nibadilishe?

Usibadilishe kitu bado ndugu yangu wa Tabora. Betri kubwa inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari, kuna tundu pembeni ya siti ya nyuma, feni inavuta hewa kupitia pale. Vumbi la Tabora unalijua kuliko mimi, linaingia, linaganda kwenye chujio na kwenye mapanga ya feni, hewa haipiti, betri inapata joto, feni inaongeza kasi ili ijiokoe, ndo hiyo kelele. Joto ndo linaua hizi betri kuliko kilomita. Toa chujio kama gari lako linalo (ni klipu chache, tundu lenyewe unaliona kwa macho), lipulize, feni yenyewe ifunguliwe na kusafishwa na mtu anayejua kutoa ile plagi ya usalama ya betri kwanza na kusubiri kabla ya kugusa. Halafu endesha mchana vioo vimefungwa na AC imewashwa, sio anasa, unapoza betri. Ikiendelea kulia baada ya hapo ndo tupime.

Ila hujanitajia ni Prius ipi. Kama ni ile ya injini ya 1800, namba 30, nitazame na maji. Asubuhi ukiwasha inatingishika kama ina homa sekunde chache halafu inatulia? Maji ya rejeta yanapungua na huoni pa kuvuja? Hiyo sio betri, hiyo ni gasketi ya silinda hedi, ndo ugonjwa wao, unaanzia kwenye mfumo wa EGR, ule unaorudisha moshi kwenye injini, ukiziba masizi. Ukiuwahi ni kazi ya gereji, ukiuchelewesha ni injini.

Mzee, haibridi nachaji kwa umeme wa Tanesco? Maana umeme wenyewe ndo huu.

Huchaji. Unaweka petroli tu, umeme inajitengenezea. Zile za kuchomeka ukutani zinaitwa PHV na zipo, ila Aqua, Fielder haibridi na Prius za kawaida hazina hata pa kuchomeka.

Na Nissan Note e-Power? Na Honda Fit haibridi, naona bei imeshuka.

Note e-Power, iliyoanza mwishoni mwa 2016, ni kitu kingine kabisa, tairi zinasukumwa na mota ya umeme peke yake, ile injini ya 1.2 kazi yake ni kuchaji tu, kama jenereta la harusini. Inaenda vizuri mno mjini. Mimi bado sijaifungua ya kutosha kukushauri uje nayo Kigoma. Fit ya 2013 na kuendelea, ile yenye gia boksi ya klachi mbili, Honda waliziita kiwandani Japani mara kadhaa, na bei ikishuka yenyewe huwa haishuki bure. Ukiipenda mpate kwanza mtu wa hapa hapa aliyekaa nayo mwaka mzima.

Mzee wa Spana, hii usiitoe na jina. Mke wangu ni mwalimu, kashikilia tununue Aqua, mimi nataka IST. Nafanya biashara ya dagaa, nachukua Kibirizi napeleka mnadani na Kasulu. Nipe maneno ya kumshinda. Baba, Mwandiga.

Baba, Mwandiga pakubwa lakini sio pakubwa kiasi hicho. Milioni 13 na 16 nimezisoma kwa mke wako kabla sijasoma yako, kwahiyo sikupi maneno ya kumshinda mtu, ukurasa mnasoma wote wawili.

Ila umenitajia kitu ambacho yeye hakukitaja, dagaa. Mbona mwalimu kaniandikia gari la kupeleka watoto shule na wewe unaniandikia gari la mzigo? Hayo magari mawili sio moja. Kama unapanga kulaza siti ya nyuma na kujaza magunia, basi Aqua hapana, na sababu sio hiyo ya banda la kuku. Betri iko chini ya siti ya nyuma, na tundu lake la hewa liko palepale pembeni. Gunia la dagaa likilala pale umeiziba pua. Na hewa ikipita kidogo inapita na vumbi la dagaa, yale magamba na unga unga unaojua mwenyewe unavyoingia kila mahali, inaenda kuganda kwenye feni, na ndani ya mwaka mko kwangu na pembetatu nyekundu. Harufu sitaji.

Na hata IST, kwa dagaa za Kasulu kila wiki, utaivunja shokapu ukiwa unajisifia kwamba umeshinda. Sasa hivi unawapelekaje, kwa hiace? Unalipa kiasi gani kwa gunia, na ni magunia mangapi kwa wiki ukiondoa ile miezi ziwa linapofungwa kwa wavuvi? Nitumie namba hizo, na safari hii mwandike pamoja.